Mafungu Meupe ya Wakfu wa Babu

Jumatatu, 3 Februari

Nimekunja mafungu sita baada ya shule. Bafta chini, pamba juu yake, kipande cha sabuni, karafuu maiti, kichupa cha marashi. Kisha naviringisha na kufunga kwa uzi mweupe. Mafundo mawili. Shangazi Zuwena hataki la tatu. Niliwahi kumuuliza sababu nikiwa darasa la nne, akasema ndivyo Babu alivyotaka.

Ndiyo kazi yetu kila Shaaban. Watu wengine hutoa tende na mchele kabla ya mfungo. Sisi tunatoa sanda. Wakfu wetu ni mdogo sana, ni duka moja la vitambaa hapa Kariakoo na watu wa nyumba moja. Babu aliuanzisha baada ya mchukuzi wake mmoja kufa peke yake chumbani, akalala siku nzima bila kitambaa cha kumfunika. Babu akaamua kuwa mzee asiye na mtu apewe sanda yake mapema, akiwa hai, ili asiishi na wasiwasi huo.

Babu alifariki mwaka jana. Yeye alikuwa na watu wengi.

Mikono yangu inanuka karafuu maiti. Nimenawa mara mbili. Wali wa usiku ulinuka vilevile.

Jumatano, 5 Februari

Shangazi amenipa kalamu. Mwaka huu naandika mimi orodha, kwa sababu mwandiko wangu ni mzuri na Babu hayupo. Nimefurahi. Nimeona aibu kufurahia jambo kama hilo.

Orodha ilibaki na nafasi moja. Shangazi akauliza kama namjua mtu. Nikamtaja Bi Somoe.

Bi Somoe anashona barazani, nyumba ya tatu kutoka msikitini. Anapunguza sketi za shule, anabadilisha zipu, anakaza vifungo. Ametoka Kilwa zamani. Mume alikufa, mtoto hakujaliwa. Chumba ni cha kupanga. Mimi ananiita mteja mkubwa kwa sababu kila muhula napeleka sketi ileile.

Shangazi aliuliza swali moja tu. "Ana mtu?"

Nikasema hana. Nikaandika jina lake kwa herufi nzuri.

Ijumaa, 7 Februari

Tumepeleka mafungu baada ya sala. Nilikwenda na Mzee Likwata, mchukuzi wa dukani tangu Baba hajaoa. Yeye anasukuma mkokoteni, mimi nabisha hodi. Amenifundisha kanuni tatu za Babu. Usiingie. Usiulize. Usigeuke nyuma. Mpokeaji asione kuwa unamtazama, asije akaona haya. Nilipozisikia nilidhani ni adabu nzuri kuliko zote.

Sikujua mtaa unavyokuwa tukipita. Kariakoo saa nane mchana haiwezi kunyamaza, kuna spika za matangazo, kuna pikipiki, kuna wauza mashuka. Lakini mbele ya mkokoteni wetu watu walikuwa wanapunguza sauti, hatua chache tu, kisha nyuma yetu kelele inarudi. Kama mtu anayefungua maji na kuyafunga. Mama mmoja alimfunika mtoto wake uso kwa mtandio.

Vijana wa bodaboda ndio pekee waliosema.

"Oya, wa sanda hao."

"Dada, mimi bado sana. Ruka hapa kwangu."

"Na huyu deni la mafuta halijaisha, msimchukue."

Wakacheka. Mzee Likwata aliwaitikia, "Nyie vaeni helmeti tu, msitutafutie kazi." Kwenye kona hakuwa anacheka tena.

Bi Somoe alikuwa ana mguu kwenye pedeli. Nilimwamkia, akaitikia "Marahaba, mteja mkubwa," bila kuinua uso. Nikaweka fungu mezani, pembeni ya mashine. Cherehani ikasimama. Hakusema asante. Nikaondoka, sikugeuka nyuma, kama nilivyofundishwa.

Nilisikiliza kama mashine itaanza tena. Sikuisikia mpaka mwisho wa mtaa.

Jumamosi, 8 Februari

Asubuhi kulikuwa na fungu kwenye ngazi za nyuma. Mafundo mawili. Limekaa wima, kama mtu ameliketisha.

Nilidhani limeanguka toka mkokotenini. Nikampelekea Shangazi. Akalipokea bila kunitazama na kuingia nalo stoo. Alipotoka alikuwa amebeba chupa ya chai, akaniuliza kama nimeshafua soksi.

Jumatatu, 10 Februari

Bi Somoe hakuwepo barazani. Cherehani imefunikwa na khanga. Pale mahali pa kiti chake pamefagiliwa safi.

Nilipotoka shule bado hakuwepo.

Jioni nimefungua daftari la Babu. Ni majina ya miaka yote, kila mwaka kurasa zake. Juu ya kila jina umepigwa mstari kwa rula. Mwaka jana, wote. Mwaka juzi, wote. Nimerudi nyuma mpaka kurasa za mwanzo, zinazochomoka kwenye jalada. Wote.

Nimefikiri kama nilivyofundishwa. Tunawachagua wazee na wagonjwa. Wazee na wagonjwa hufa. Hakuna cha ajabu. Mwalimu wa Jiografia angesema sampuli yako imeegemea upande mmoja.

Lakini Bi Somoe si mgonjwa. Sikumchagua kwa kuwa anakaribia kufa. Nilimchagua kwa kuwa nampenda na nilitaka jina la kuandika.

Naogopa.

Jumanne, 11 Februari

Fungu jingine kwenye ngazi. Limekaa wima vilevile. Sikuligusa. Niliporudi kutoka shule halikuwepo.

Alhamisi, 13 Februari

Nimevunja kanuni ya kwanza na ya pili. Nimeingia. Nimeuliza.

Chumba cha Bi Somoe ni cha uani, mlango wa mwisho. Nilibisha mara nyingi. Akaitika kwa sauti ndogo sana, sikuwa na uhakika kama ni yeye au redio ya jirani. Alikuwa amekaa mkekani, ameegemea ukuta, amevaa nguo safi. Kitanda kimetandikwa vizuri na juu yake, kwenye mto, limelala fungu. Ameliweka pale linapokaa kichwa. Yeye analala chini.

Vitu vyake amevipanga karibu na mlango. Sketi za watu zimekunjwa, kila moja na jina la mwenyewe limebandikwa kwa pini. Ya kwangu ilikuwa juu.

Nikamwamkia. Akaitikia. Nikauliza kama anaumwa. Akasema haumwi. Nikauliza amekula nini. Akasema hana haja.

Kisha akasema, polepole, wala si kwa hasira, "Nakuuliza na mimi, Sabra. Wewe ni mtoto uliyesoma. Uliona nini kwangu?"

Nikasema sikuona kitu.

"Mngeniletea mchele ningejua mmenihurumia. Mmeniletea hii. Mtu haletewi hii bila kuonekana kitu."

Amesema pia mwenye nyumba ameliona fungu. Amemwambia atafute chumba kingine kabla ya mwezi kuandama, hataki maiti atolewe kwenye nyumba yake yenye wapangaji. Amesema hivyo wakati mtu mwenyewe amesimama mbele yake akipumua.

Jirani, mama wa chumba cha pili, alinisubiri uani. Amesema Bi Somoe hajala tangu Jumamosi ila maji na kipande cha mkate. "Chai anaimwaga," akasema. "Mwanangu, nyie chukueni kitu chenu. Huyu anakwenda hivihivi, tunamtazama."

Hakuna laana hapa. Kuna mwanamke anayejiandaa kufa kwa sababu nilikuwa na mwandiko mzuri.

Ijumaa, 14 Februari

Nimekataa kwenda na mkokoteni. Mzee Likwata amekwenda peke yake.

Nimemwambia Shangazi kila kitu. Nimemwomba aniruhusu nikachukue fungu la Bi Somoe. Amekataa. Sadaka hairudishwi, amesema. Babu aliwafundisha yeye na Baba tangu wadogo kuwa sanda iliyotoka nyumbani kwa mkono wako, ukiirudisha kwa mkono wako, umejiletea mwenyewe. Nikamwambia dini haisemi hivyo. Akasema anajua dini haisemi hivyo.

"Sasa kwa nini?"

"Kwa sababu baba yangu alisema."

Alikuwa anapima kitambaa cha mteja. Mkono wake ulikosea, akapima upya, akakosea tena. Sijawahi kumwona Shangazi akikosea kitambaa.

Jumamosi, 15 Februari

Shangazi amekwenda benki na Baba. Funguo za stoo ziko nyuma ya mizani. Nimefungua.

Mbele kuna majora ya kawaida, khanga, mashuka, suti za kike. Nyuma yake kuna pazia. Nililiona maisha yangu yote, nikadhani ni ukuta.

Nyuma ya pazia ni mafungu.

Yamepangwa toka sakafuni hadi darini. Ya chini yamekuwa rangi ya chai. Ya juu ni meupe. Yote yamesimama wima, mafundo mawili, yanatazama mlango. Najua mafungu hayatazami. Nilisimama pale nikaona yananisubiri niseme kitu. Hewa ilikuwa nzito, karafuu maiti na panya. Mahali fulani kati yake kitu kilikuwa kinakwaruza, kinaacha, kinakwaruza.

Kila moja lina karatasi iliyochomekwa kwenye uzi. Jina na mwaka. Mwandiko wa Shangazi. Nikavuta moja, nikasoma, nikalijua jina. Ni jina kwenye daftari lenye mstari. Jingine, vilevile. Jingine.

Wafu wanarudisha sanda. Ndivyo nilivyofikiri. Naandika ukweli. Nilifikiri hivyo kwa muda.

Kisha nikasoma Mzee Tambwe, Ilala. Huyo namjua. Anapitisha kahawa na kashata pale Ilala karibu na gereji za mabati, jana tu Baba alimtania kuwa kahawa yake inaamsha hata aliyezimia. Yuko hai. Kwenye daftari amepigwa mstari.

Shangazi alinikuta nimekaa sakafuni. Hakunigombeza. Alikaa na yeye, kwa nguo zake za kutokea, juu ya vumbi.

Amesema yanarudi tangu zamani. Mwanzoni moja moja. Wazee wa siku zile walipokea kwa furaha, waliweka sandukuni na kuwaonyesha wageni. Waliofuata wakaanza kuogopa. Wanayaacha kwenye ngazi kabla ya jua, kwa sababu wanaona haya kumrudishia Babu uso kwa uso. Shangazi anayaokota kabla Babu hajashuka. Anapiga mstari kwenye jina, asipelekewe tena. Mtu akifa kweli, anapiga mstari uleule. Babu alikuwa akiona mistari anasema alhamdulillah, zimewafaa.

"Alikufa akijua zote zimefika," akasema.

Nikamuuliza kwa nini hakumwambia.

"Ningemwambia nini, Sabra? Kwamba watu wanakimbia mlango wetu?"

Kwa hiyo mstari hauna maana ya kifo. Kwa wengi ni fungu lililorudi. Tumekuwa tukihesabu yanayotoka dukani na kuita hiyo kazi. Kanuni za Babu zilikuwa za huruma na zimetufanya vipofu. Hatuingii, hatuulizi, hatugeuki. Tungejuaje?

Bi Somoe hakulirudisha la kwake kwa sababu lilitoka kwangu. Aliniamini.

Jumapili, 16 Februari

Nimekwenda asubuhi. Peke yangu. Sikumuaga Shangazi, na nadhani alinisikia nikishuka.

Bi Somoe alikuwa amelala mkekani safari hii. Midomo imekauka. Nilimwambia habari za stoo, za pazia, za mstari. Nikamtajia walio hai, Mzee Tambwe na kahawa yake. Nilimpangia hoja kama insha, ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alisikiliza kwa adabu. Nikaona haziingii. Ushahidi wangu ulikuwa mzuri na haukumfaa kitu.

Nikaenda kitandani, nikalichukua fungu kwenye mto.

Hapo ndipo alipoinuka. "Liache. Usilibebe wewe, mtoto wewe, litakugeukia."

"Nimelileta mimi."

"Sabra, weka chini."

Nikalikumbatia kama madaftari. Nikasema nilikosea, Bi Somoe. Sikuona kitu kwako. Nilitaka tu kuandika jina. Ilitakiwa nikuulize, sikukuuliza. Nakuuliza sasa, unahitaji nini?

Aliinua uso. Sijui alikuwa ananitazama mimi au fungu. Nje mtu alikuwa anatwanga.

Kisha akasema mkanda wa cherehani umelegea, unateleza, anasukuma pedeli mara mbili kwa kazi ya mara moja. Akasema mtu mwenye jina mtaani aseme na mwenye nyumba. Halafu, akiwa anatazama ukuta, "Na mtu akipita asubuhi abishe. Asiingie kama ana haraka. Abishe tu, ajue kama nimeamka. Hiyo sanda ningeipokea hata leo kama aliyeileta angekaa akanywa chai. Mlivyokuja kimya na kuondoka kimya, nikajua mmeshanizika."

Jirani alileta uji. Bi Somoe alikunywa nusu kikombe. Nilibaki mpaka nusu ya pili.

Nimerudi na fungu mikononi katikati ya mtaa. Mmoja wa wale vijana wa bodaboda alivua helmeti.

Jumatatu, 17 Februari

Homa. Kichwa kinauma, viungo vinauma. Sikwenda shule. Shangazi amekaa pembeni ya kitanda tangu alfajiri, ameshika mkono wangu kama anayezuia kitu kisivutwe.

Fungu liko sebuleni juu ya kiti. Hataki kuliingiza stoo wala kulitoa. Mlango uko wazi, naliona nikiwa nimelala. Nimelitazama sana. Ni bafta.

Baba amenipima malaria. Ninayo. Nimecheka. Sijacheka sana.

Alhamisi, 20 Februari

Nimepona. Nimekonda.

Shangazi amepeleka mkanda wa cherehani Jumanne, na amesema na mwenye nyumba. Sikuwepo. Mzee Likwata amenisimulia kuwa hakupandisha sauti. Alikaa kwenye kiti cha mwenye nyumba na kumwambia Bi Somoe ni mtu wake, na kwamba atakuwa anapita kumsalimia kila wiki, na angependa kumkuta. Bwana yule hununua mapazia kwetu. Amesema aliteleza ulimi.

Leo Shangazi amesema twende Ilala, mimi na yeye. Bila mkokoteni. Hakusema kwa nini. Nilijua.

Mzee Tambwe alitumiminia kahawa kabla hatujakaa. Shangazi akamwomba radhi kwa fungu la mwaka ule. Akamwambia wakfu umekuja kuuliza anataka nini. Neno "kuuliza" lilimtoka kwa shida, kama anaongea lugha ya kujifunza. Kisha akangoja. Nilimwona anataka kumjibia, amefumba mikono mapajani ili asimjibie.

Mzee akatikisa birika lake. Nikangoja aseme jiko, au mtaji, au dawa. Kichwani nilikuwa nimeshaandika orodha mpya.

"Ile sanda," akasema. "Kama bado ipo."

Shangazi akashtuka.

"Wakati ule niliona mnanifukuza duniani. Sasa magoti yamenifundisha. Nipeni, ila aje mtu aione inawekwa wapi chumbani kwangu, ili siku hiyo asihangaike kutafuta."

Kwa hiyo sikujua tena. Nilidhani nimegundua kuwa sanda ni zawadi mbaya. Sikugundua hivyo. Kwa huyu ni hii, kwa yule ni mkanda, na hakuna aliyeandikwa usoni.

Shangazi amenunua kashata njiani. Amekula zote mwenyewe.

Jumatatu, 24 Februari

Jua halijapanda. Mtaa una wafagiaji tu na paka. Nimepita uani kwa Bi Somoe nikielekea shule, kama kila siku tangu nipone.

Nimebisha. Kimya.

Nimebisha tena. Mlango wa jirani umefungwa, amesafiri. Khanga kwenye kamba haikutikisika. Nilisimama nimeweka kiganja kwenye mbao, na mbao zilikuwa za baridi, na sikuwaza hoja hata moja.

Kisha kwa ndani, sauti isiyofunguka vizuri:

"Subiri, nina pini mdomoni."

Nikasubiri.